Kuku Kuatamia ni Jambo Moja, Yai Kuwa na Mbegu ni Jambo Jingine

Maswali ya wafugaji wa kuku wa nyumbani

Barua za safari hii zimetoka sehemu mbalimbali, lakini nyingi zina lalamiko moja: kuku alilala juu ya mayai kwa siku 20 na zaidi, na hakikutoka kitu. Mwenye barua humlaumu kuku, au jogoo, au mkosi. Nimezisoma zote, na katika karibu kila moja naona maswali mawili yamefungwa pamoja ilhali yalipaswa kutenganishwa. La kwanza linamhusu kuku, kama kweli ameingia katika hali ya kuatamia au anashinda tu kiotani. La pili linahusu yai, kama lina mbegu ya jogoo, na kama mbegu hiyo bado ni hai. Kuku aliye tayari kabisa hawezi kulipa uhai yai lisilo na mbegu, na yai zuri halina faida chini ya kuku atakayeondoka usiku wa pili. Katika majibu yangu nitayashika maswali hayo kila moja mahali pake.

SWALI: Shikamoo, Bibi Mifugo. Mimi ni binti ninayeishi Kigamboni, Dar es Salaam, na ninafuga kuku wanne wa kienyeji nyuma ya nyumba. Mmoja wao, mwekundu, hatoki kiotani tangu juzi, na nikimkaribia hujivimbisha na kunidonoa. Kabla ya hapo alitaga mayai 11 kwa muda wa siku 15, nami nimekuwa nikiyaokota na kuyaweka katika bakuli juu ya jokofu. Tatizo ni kwamba jogoo wetu tulimchinja sikukuu ya Idi, wakati kuku huyu alikuwa ametaga mayai manne tu. Je, kweli anaatamia? Na je, nimpe yale manne pekee, kwa kuwa ndiyo yaliyotagwa jogoo akiwa hai?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuku hasubiri gazeti lichapwe, ndiyo maana nilikujibu kwa simu siku ileile barua yako iliponifikia. Hapa narudia kwa kirefu kwa faida ya wengine, pamoja na yale uliyoniarifu baadaye.

Tuanze na kuku. Kujivimbisha na kudonoa ni dalili, lakini peke yake haitoshi, kwa sababu hata kuku anayetaka kutaga huweza kukasirika akisumbuliwa, na tembe anayetaga kwa mara ya kwanza huweza kukaa kiotani nusu siku bila nia yoyote ya kuatamia. Ushahidi ninaouamini mimi hupatikana usiku. Nenda bandani mnamo saa 3 usiku, bila taa kali. Kuku asiyeatamia atakuwa amepanda kwenye fito za kulalia pamoja na wenzake, hata kama mchana alishinda kiotani. Anayeatamia utamkuta kiotani, amejitandaza kama kawa juu ya sinia. Ingiza mkono taratibu chini yake, kiganja kikitazama juu. Utahisi joto kuliko la kuku mwingine, na mara nyingi utagusa ngozi tupu, kwa kuwa kuku wa namna hii hupoteza manyoya ya kifuani ili ngozi yake igusane na mayai moja kwa moja, na baadhi ya manyoya hayo utayaona yametapakaa kiotani. Asiyekuwa tayari ataruka na kupiga kelele. Aliye tayari atanguruma kwa sauti ya chini, pengine atadonoa mara moja, kisha atajishusha na kuvikalia vidole vyako kana kwamba ni mayai yaliyoongezeka. Nimeingiza mkono wangu chini ya kuku mara nyingi mno maishani, na mpaka leo wakati ule kuku anapojishusha juu ya vidole hunigusa moyo.

Mchana nao una dalili zake. Kuku huyo hutoka mara moja kwa siku, kwa kawaida kwa dakika 15 hadi 30. Hutembea akiwa ametimua manyoya, akilia ko-ko-ko bila kukoma. Hula haraka, hunywa, huoga vumbi, huacha kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu kali, kisha hurudi mbio. Kinyesi hicho huwatia hofu wafugaji wapya, wakadhani kuku anaumwa, kumbe alikuwa amejizuia mchana na usiku ili asichafue kiota. Upanga wa kichwani nao hupauka na kusinyaa. Mabadiliko haya huletwa hasa na homoni iitwayo prolaktini, ambayo ikizidi mwilini husimamisha utagaji na kumfanya kuku atake kukaa. Kwa hiyo kuku anayeendelea kutaga kama kawaida usimhesabu kuwa anaatamia, hata akidonoa namna gani. Kama shaka imebaki, mwachie mayai mawili usiyoyajali kwa siku mbili. Ukimkuta juu yake usiku wa tatu, yaondoe na umpe mayai halisi usiku huohuo. Wewe ulifanya jaribio la mkono, naye akakukalia vidole. Swali la kuku likawa limekwisha.

Sasa tuje kwenye mayai, na hapa ndipo ulipokaribia kufanya kosa kubwa. Ulidhani manne ya kwanza ndiyo mazuri na saba ya mwisho hayana kitu. Mambo yako kinyume. Kuku akishapandwa na jogoo, huhifadhi mbegu za kiume katika vijifuko vidogo sana vilivyomo ndani ya mrija wake wa uzazi, na kutoka humo hurutubisha yai moja baada ya jingine kwa muda wa wiki mbili hivi, wakati mwingine hata zaidi. Kwa hiyo mayai saba aliyotaga katika siku kumi baada ya jogoo kuchinjwa yalikuwa na nafasi nzuri ya kuwa na mbegu. Na yule anayeleta jogoo mpya leo asitarajie yai la kesho liwe na mbegu. Angoje siku kadhaa kabla ya kuanza kukusanya mayai ya kuatamisha.

Shida ya yale manne ilikuwa umri na joto. Yai lenye mbegu halilali kabisa linapokuwa mahali pa joto. Likiwa kwenye baridi ya kiasi, kiumbe kilichomo husimama na kusubiri. Joto likipita takriban nyuzi 21 za Selisiasi, huanza kujigawa polepole, pasipo joto la kutosha la kukikuza vizuri, kwani ukuaji kamili unahitaji nyuzi 37.5 hivi. Matokeo yake ni kwamba huanza, hudhoofika, na hatimaye hufa kabla kuku hajalikalia yai hata saa moja. Jiko la Dar es Salaam hupita nyuzi 30 mchana, na juu ya jokofu ni mahali pabaya zaidi, kwa sababu jokofu hutoa nje joto linalolitoa ndani. Nina hakika kwamba katika miji yetu ya pwani mayai mengi yanayosemwa kuwa hayakuwa na mbegu yalikuwa nayo, lakini yaliharibikia kwenye bakuli.

Nilikuomba uvunje mawili, moja katika yale ya kwanza na moja katika yale ya mwisho, kila moja katika sahani yake. Wapo wanaoona uchungu kuvunja yai, lakini mayai mawili ni gharama ndogo kuliko siku 21 za kuku. Kila yai, liwe na mbegu au lisiwe nayo, lina kitone cheupe juu ya kiini, na usipokiona geuza kiini taratibu kwa kijiko. Usikichanganye na zile nyuzi nzito nyeupe zilizosokotana, ambazo kazi yake ni kukishikilia kiini katikati ya ute. Katika yai lisilo na mbegu, kitone ni kidogo, kizito, chenye kingo zisizo sawa, kama punje ya sukari iliyoanza kuyeyuka. Katika yai lenye mbegu, kitone ni kipana zaidi, kufikia milimita 4 hivi, na kimejitengeneza kuwa pete: ukingo mweupe wa mviringo na katikati yake peupe kidogo au pa kung'aa, kama jicho la dagaa. Uliniandikia kwamba yai la mwisho lilikuwa na pete hiyo waziwazi na kiini chake kilisimama juu, lakini yai la kwanza kiini kilipasuka mara tu kilipogusa sahani. Kiini kupasuka hivyo ni alama ya yai lililokaa sana kwenye joto.

Ukaacha mayai matatu ya zamani yaliyobaki, ukachukua sita mapya, ukaongezea matano ya wiki hiyohiyo kutoka kwa jirani mwenye jogoo. Katika hayo 11 vimetoka vifaranga tisa, na mawili yaliyokataa yote yalikuwa ya kwako. Nakupa hongera, na ninakuomba kuanzia sasa uandike tarehe juu ya kila yai kwa penseli, wala si kwa kalamu ya wino mzito, uyalaze ncha ikiwa chini, usiyaoshe, na uyahifadhi ndani ya chungu cha udongo kilichokaa juu ya mchanga uliolowanishwa, kivulini, kwa muda usiozidi siku saba. Baada ya siku 10 mimi huyapeleka jikoni.

SWALI: Bibi Mifugo, habari za kazi. Nina koo hodari ambaye ameniangulia vifaranga mara tatu. Safari hii nilinunua mayai makubwa ya trei dukani nikamwekea 12, nikitarajia kupata kuku wa mayai. Leo ni siku ya 26 na hakuna lililopasuka. Jirani anasema koo ameingiwa na mkosi, nimchinje. Nifanyeje? Mfugaji wa Singida.

JIBU: Ndugu yangu, usimchinje. Koo wako amefanya kazi yake kwa uaminifu siku 26 juu ya mayai ambayo hayakuwa na uwezo wa kuwa vifaranga. Mayai ya trei hutoka katika mabanda ya kuku wa kisasa wa mayai, ambao hufugwa bila jogoo, kwa sababu kuku hutaga kwa mpango wa mwili wake mwenyewe, na jogoo hahitajiki ili yai litoke. Anahitajika ili yai liwe na mbegu. Hata kama ungepata mayai ya kuku hao waliochanganyika na jogoo, vifaranga wao wasingekuwa watagaji kama mama zao, kwa kuwa kuku hao ni zao la kuchanganya nasaba mbalimbali kwa makusudi, na sifa hizo hazirithiwi nzima. Zaidi ya hayo, tabia ya kuatamia imepunguzwa mno katika kuku hao kwa vizazi vingi vya kuchagua watagaji.

Leo usiku yatoe mayai yote, uyafukie mbali na nyumba, wala usiyape mbwa. Koo hataondoka kwa hiari yake. Wengine hukaa juu ya mayai viza kwa wiki nyingi, na wakati huo hula kidogo na huendelea kukonda. Ukimpapasa kifuani utakuta mfupa umejitokeza. Njia moja ya kumpumzisha ni kumfanya aache kuatamia, kama nitakavyoeleza katika jibu la mwisho. Njia nyingine, ambayo ningeichagua mimi kwa koo aliyekwisha kulea mara tatu, ni kununua vifaranga wa siku moja, kumi hivi, kutoka mahali unapopaamini, na kuwaingiza chini yake gizani, mmoja mmoja, huku ukitoa mayai. Asubuhi atawasikia wanalia chini yake na atatoka nao. Kaa karibu saa ile ya alfajiri, kwa maana wako koo wachache wanaokataa na kudonoa, na hao huonekana mapema. Kabla hajatoka nao nje, hakikisha kwamba amepata chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle), na wao pia.

SWALI: Kwako Bibi Mifugo. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili karibu na Nakuru. Wanafunzi wa chama cha kilimo wameatamisha mayai 10 chini ya kuku mmoja. Tungependa kuyamulika ili tujue yenye mbegu, lakini hatuna kifaa isipokuwa tochi ya simu. Tuanze siku ya ngapi, na tutaona nini hasa?

JIBU: Mwalimu, tochi ya simu inatosha kabisa. Chukua boksi dogo la kadibodi, toboa upande wa juu tundu la mviringo lenye upana wa sarafu ya shilingi 10, weka simu ndani ikiangaza juu, kisha zima taa zote za chumba. Upande mpana wa yai ndio unaokaa juu ya tundu, kwa sababu ndipo palipo na nafasi ya hewa, na mwanga hupenya hapo vizuri. Msiwashe simu muda mrefu ndani ya boksi, kwa kuwa hupata joto.

Moyo wa kifaranga huanza kupiga kabla siku ya pili haijaisha, lakini macho yetu hayawezi kuona mengi mapema hivyo, na mkianza siku ya nne wanafunzi watabishana bure. Ngojeni siku ya saba. Fanyeni kazi hiyo jioni, kuku anapokwenda kula au muda mfupi baada ya giza, na mayai yasikae nje ya kiota zaidi ya dakika 20. Yai lililo hai litaonyesha mishipa myembamba myekundu inayotawanyika kutoka kwenye kitone cheusi, kama mizizi ya mche wa mchicha uliong'olewa, na mkitulia mtaona kitone hicho kikitikisika. Waiteni wanafunzi mmoja mmoja kulitazama. Hakuna picha ya kitabuni inayofikia kuona uhai ukitikisika ndani ya ganda, na mwanafunzi aliyeona hivyo hatarusha tena yai wala kumfukuza kuku kwa mawe.

Yai lisilo na mbegu litaangaza lote, likiwa na kivuli chepesi cha kiini kinachoelea, kama mwezi nyuma ya wingu jembamba. Yai lililokuwa na mbegu likafa mapema lina pete nyekundu ya damu inayozunguka, bila mishipa inayotawanyika, au mstari mweusi uliogandamana na ganda. Haya mawili msiyahesabu pamoja kwenye daftari, kwa sababu sababu zake ni tofauti. Mayai mengi yanayoangaza yote, yaani yasiyo na mbegu, humaanisha tatizo la jogoo: amezeeka, anaumwa, ni mzito mno, au ana kuku wengi kupita uwezo wake, jogoo mmoja kwa kuku 10 ni kipimo kizuri. Pete nyingi za damu humaanisha tatizo la uhifadhi, au kuku aliyeacha mayai yakapoa.

Rudieni siku ya 14, ambapo zaidi ya nusu ya yai itakuwa nyeusi na mishipa itaonekana karibu na nafasi ya hewa tu. Siku ya 18 yai lote huwa jeusi isipokuwa nafasi hiyo ya hewa, ambayo sasa ni kubwa na ina mpaka ulio wazi. Kuanzia hapo msiyaguse tena mpaka yaanguliwe, kwa kuwa kifaranga anajiweka sawa ili apasue ganda. Mayai ya ganda la kahawia nzito husumbua kidogo. Hayo mnaweza kuyangojea mpaka siku ya 10. Kwa yai lolote mnalolitilia shaka, liwekeeni alama ya penseli mlirudishe kwa siku tatu, kisha mlitazame upya.

Lakini yai lenye kuonyesha dalili ya kuoza lisirudi. Mwaka mmoja niliona huruma juu ya yai moja lenye pete ya damu, nikajiambia pengine nimeona vibaya, na sikulitazama tena. Siku ya 17 lilipasuka chini ya kuku. Maji yake yalienea juu ya mayai mengine yote, nami nikayafuta kwa kitambaa kikavu nikidhani nimeyaokoa. Kati ya mayai manane yaliyokuwa hai siku ya 14, yaliangua mawili. Tangu hapo yai linalotoa harufu, linalovuja au lenye matone kama jasho kwenye ganda hulitoa kwa mikono miwili, polepole, na kulipeleka mbali.

SWALI: Bibi, kuku wangu alianza vizuri, lakini siku ya tisa usiku aliyaacha mayai akasimama kando, na kesho yake vilevile. Ni tabia mbaya? Msomaji wa Tabora.

JIBU: Kuku aliyevumilia siku nane hana tabia mbaya; kuna kitu kinamfukuza. Ingiza mkono mtupu chini ya majani ya kiota usiku huohuo, uuache kwa muda wa kuhesabu 60, kisha uutazame chini ya mwanga. Ukiona vidudu vidogo kama vumbi linalotembea, vyekundu au vya kijivu, huo ni utitiri, ambao hunyonya damu usiku na kumfanya kuku ashindwe kukaa. Choma majani yote, paka kiota majivu, mnyunyizie kuku dawa ya unga ya kuku kwa kipimo kilichoandikwa, umwekee majani mapya. Kama hakuna utitiri, tafuta njia ya siafu, au alama ya nyoka au panya. Mayai yaliyopoa usiku mmoja usiyatupe kabla ya kuyamulika.

SWALI: Bibi yetu, shikamoo. Mimi ni mama wa nyumbani, Unguja. Nimelelewa nikiambiwa kwamba yai lenye ncha kali hutoa jogoo na la mviringo hutoa tembe, na kwamba yai linalozama ndani ya maji ndilo lenye mbegu. Pia, yai likiwa na damu ndani, ina maana lina kifaranga? Na yenye mbegu yanafaa kuliwa?

JIBU: Marahaba, mama. Wazee wetu waliyachunguza mambo mengi kwa usahihi kuliko tunavyodhani, ila katika haya mawili maji na umbo havisemi kile tunachotaka viseme. Umbo la yai hutokana na mrija ulioliviringisha na kulivika ganda, na kuku mmoja hutaga mayai ya umbo linalofanana maisha yake yote, huku watoto wake wakiwa jogoo na tembe. Kwa ndege, anayeamua jinsia ya mtoto ni jike, na jambo hilo huwa limekwisha kuamuliwa kabla ganda halijaanza kujengwa. Lenye ncha kali kupita kiasi au la mviringo kama mpira mimi silichagui kwa kuatamisha, kwa sababu kifaranga hupata shida kujipanga ndani yake, lakini hiyo si habari ya jinsia.

Maji nayo yanapima umri. Yai linavyokaa, unyevu hutoka kupitia vitundu vidogo vya ganda na nafasi ya hewa hukua, hivyo jipya hulala chini ya bakuli na la zamani hunyanyuka na kuelea. La dukani lisilo na mbegu litazama vizuri kabisa likiwa jipya. Tena nakusihi usiloweshe yai unalokusudia kumpa kuku, kwa kuwa maji huondoa utando mwembamba unaozuia vijidudu kupita kwenye vitundu hivyo.

Tone la damu juu ya kiini, katika yai ambalo halijaatamiwa, kwa kawaida hutokana na mshipa mdogo uliopasuka mwilini mwa kuku wakati kiini kilipoachiliwa. Linaonekana hata katika mayai ya kuku wasiowahi kumwona jogoo. Kuhusu hukumu ya dini juu ya damu hiyo, waulize wenye elimu yake. Mimi nimeeleza asili yake tu. Yai lenye mbegu lililookotwa siku ileile na kuwekwa mahali pa baridi halina tofauti ya ladha wala ya lishe na lisilo nayo, na hakuna kifaranga ndani yake. Anayechelewa kuokota mpaka kuku akalikalia siku tatu au nne ndiye atakayekuta mishipa ya damu kwenye kikaango.

SWALI: Bibi Mifugo, mimi ni mstaafu hapa Moshi. Nina kuku sita, sina jogoo kwa sababu majirani hawapendi kelele zake, na shida yangu ni mayai ya kula tu. Watatu wameingia kuatamia mmoja baada ya mwingine juu ya kiota kitupu, na mayai yamekatika. Nimeshauriwa niwazamishe katika ndoo ya maji baridi kila asubuhi. Je, inafaa?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Kama ungetaka vifaranga, ningekushauri uombe mayai yenye mbegu kwa mtu mwenye jogoo, uwasubirishe hao watatu juu ya yai mojamoja lisilo na kazi, kisha uwape wote mayai halisi usiku mmoja, ili vifaranga vitoke siku moja na walelewe pamoja. Wafugaji wengi Kenya na Tanzania hufanya hivyo na hupata kundi la umri mmoja. Kwa kuwa wewe unahitaji mayai ya kula, ni vizuri uwaache wapumzike mapema, kwa sababu kila siku wanayokaa inawakondesha na kuchelewesha utagaji.

Ndoo ya maji siipendi, hasa kwenye baridi ya Moshi. Kuku aliyeloa asubuhi hutetemeka hadi mchana, anaweza kupata maradhi ya kifua, na mara nyingi akikauka hurudi kiotani. Kinachochochea kuatamia ni joto la kifuani, giza na utulivu. Ondoa hivyo vitatu bila kumtesa. Tengeneza kizimba chenye sakafu ya waya, kiinuliwe juu ya matofali ili hewa ipite chini, kisiwe na majani wala kona ya giza, kiwekwe mahali penye kivuli na mwanga ambapo atawaona wenzake. Ndani yake awe na maji safi na chakula muda wote. Kifua kitapoa, naye ataacha, kwa kawaida katika siku tatu au nne kama umemwahi; aliyekwisha kukaa wiki mbili huchukua muda zaidi. Wakati huohuo okota mayai ya wale watatu wengine mara mbili kwa siku na ufunge viota jioni, wasije nao wakafuata.

Siku ya nne jioni, wafungulie. Anayepanda kwenye fito kulala na wenzake ameacha, na tarajia yai lake baada ya wiki moja au mbili hivi. Anayekwenda moja kwa moja kiotani, mrudishe kizimbani kwa siku mbili nyingine.